Milioni Iko Wapi Kati ya Elfu na Miliari?

Kwa mwaka 2024 Kongo ilikuwa na bajeti ya faranga 40,463 miliari na ushei. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika mwaka wa fedha 2024/25, Tanzania ilikuwa na bajeti ya shilingi trilioni 49.35. Mkaaji wa Kindu, mjini kwetu Maniema, huzisikia habari zote mbili: ya kwanza kwenye redio za nyumbani, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili chetu, na ya pili kwenye idhaa za Kiswahili zinazotoka mbali. Muulize ipi kati ya namba hizo ni kubwa zaidi. Hatakujibu haraka. Hata mwalimu wa hesabu ataomba kalamu kwanza.

Ukweli ni kwamba zinakaribiana. Miliari ni milioni elfu moja, yaani 1 yenye sifuri tisa. Miliari 40,463 zikiandikwa kwa mtindo wa Dodoma zinakuwa trilioni 40.46. Na mwaka ule hata faranga na shilingi zenyewe zilikaribiana kwa thamani, kwani dola moja iligharimu kati ya 2,400 na 2,900 za kila upande. Lakini aliyesoma Kongo, akashika Kifaransa cha vitabuni, trilioni yake ina sifuri kumi na nane. Akiipokea bajeti ya Tanzania kwa kipimo hicho, ataiona kubwa mara milioni moja kuliko ilivyo. Mara milioni moja! Wala hakuna kitakachomshtua, maana sikio haliwezi kuhesabu sifuri.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Miaka hii ishirini na kitu wanasayansi wa akili wamechunguza kwa makini kinachotokea kichwani mwa mtu anaposikia namba kubwa, na waliyoyakuta yanatuhusu sana sisi ambao fedha yetu imejaa maelfu.

Wala si kwamba Kindu hatujui hesabu. Pita sokoni asubuhi. Mama anayeuza mchele kwa kopo anapokea noti ya 5,000, anarudisha baki bila kuutazama mkono wake, na papo hapo anabishana bei na mteja wa pili. Mtu anayevuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli na dumu la mafuta ya mawese ameshapiga hesabu kabla mtumbwi haujagusa ukingo: nauli kiasi gani, kodi ya soko kiasi gani, kitakachobaki kiasi gani. Kambisti aliyekaa nyuma ya kimeza chake kando ya barabara hugeuza dola kuwa faranga kichwani kwa kiwango cha siku hiyo, na bunda la noti za 500 linapita kati ya kidole gumba na cha shahada kwa kasi ambayo jicho la mgeni haliifuati. Noti yetu kubwa kuliko zote, ile ya 20,000, ilitoka 2012. Kabla yake kubwa ilikuwa ya 500. Milioni moja kwa noti za 500 ni noti 2,000, mabunda ishirini ya mia mia. Kambisti anaujua uzito wake, anajua ni mfuko gani utaitosha na ni mfuko gani utapasuka njiani. Hadi hapo sisi ni mabingwa. Shida inaanzia pale ambapo mkono haugusi tena.

Mjerumani Gustav Fechner, aliyeendeleza utafiti wa Ernst Weber, alichapisha mwaka 1860 kitabu kilichoonyesha kwamba hisia za binadamu hupima tofauti kwa uwiano. Kitu cha 500 kikipanda hadi 1,000, soko zima linalalamika. Pikipiki ya milioni tatu ikiongezwa faranga 500 zilezile, hakuna anayegeuza shingo. Ongezeko ni lilelile, ila nafsi hulipima kwa kulilinganisha na kilichokuwapo kabla. Ndivyo macho yanavyopima mwanga, ndivyo masikio yanavyopima sauti.

Je, namba nazo zinapimwa hivyo kichwani? Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Stanislas Dehaene na wenzake, akiwemo Pierre Pica, mtaalamu wa lugha aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka na watu wa Mundurukú katika msitu wa Amazon, Brazili. Lugha ya watu hao ina majina machache sana ya namba, na hayavuki tano. Walionyeshwa mstari wenye nukta moja mwanzoni na nukta kumi mwishoni, kisha wakaulizwa kundi hili au lile la nukta likae wapi. Msomi wa mjini angeweka tano au sita katikati. Wao walielekea kuweka katikati tatu au nne. Kwao umbali wa kutoka moja hadi tatu ni mrefu, na wa kutoka saba hadi tisa ni mfupi. Ni kanuni ileile ya Fechner, na hakuna aliyewafundisha.

Watoto wa shule nao huanza hivyohivyo. Robert Siegler na John Opfer walionyesha mwaka 2003, huko Marekani, kwamba mtoto wa darasa la pili akipewa mstari wa 0 hadi 1,000 huiweka 150 mbali mno, karibu na katikati, kana kwamba namba zote kubwa zimesongamana mwishoni. Akifika darasa la sita mstari umenyooka: 150 iko mahali pake. Ungedhani basi mtu mzima aliyesoma ameshamaliza safari hiyo.

Hajaimaliza. Mwaka 2013, katika jarida la Cognitive Science, David Landy na wenzake waliwapa watu wazima wa Marekani mstari ulioanzia elfu moja na kuishia kwa kile tunachokiita miliari. Wakaulizwa: milioni moja iko wapi? Sehemu kubwa ya watu hao waliiweka karibu na katikati.

Msomaji, kabla hujaendelea, jijibu mwenyewe. Chukua mstari wenye urefu wa mita moja. Mwanzoni andika elfu, mwishoni andika miliari. Weka alama ya milioni.

Miliari ni milioni elfu moja, na mita ni milimita elfu moja. Kwa hiyo milioni iko milimita moja kutoka mwanzo. Ncha ya kalamu yenyewe karibu inatosha kuifunika. Sehemu yote iliyobaki, milimita 999, ni safari ya kutoka milioni hadi miliari.

Kilichonivutia zaidi katika utafiti huo ni namna watu walivyokosea. Kama ingekuwa ni ile kanuni ya kale ya Fechner tu, namba zingesongamana taratibu kadiri unavyosogea. Haikuwa hivyo. Waliokosea waliukata mstari vipande viwili, kisha ndani ya kila kipande wakapanga namba vizuri kabisa: elfu mia mbili, elfu mia nne, elfu mia sita kwa hatua sawa, halafu milioni mia mbili, milioni mia nne, milioni mia sita kwa hatua zilezile. Yaani walifuata majina. Elfu, milioni, miliari ni majina matatu yanayofuatana, na akili imeyapanga kwa nafasi sawa.

Huo ndio ugunduzi wenyewe, na ukiufikiria utaona jinsi lugha inavyotusaidia na kututega kwa wakati mmoja. Sema elfu mia tatu. Sema milioni mia tatu. Sema miliari mia tatu. Pumzi ni ileile, ulimi umebadilisha neno moja tu. Kwa bei ya neno moja umeruka mara elfu, na ukabadilisha tena ukaruka mara elfu nyingine.

Wazee wa kale hawakuwa na njia hiyo ya mkato. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mashariki ya nchi yetu, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye umri wa miaka kama 20,000. Umechanjwa alama zilizopangwa katika safu tatu: 60, 60 na 48, jumla 168. Wataalamu hawajakubaliana alama zile zilikuwa za nini. Linaloonekana wazi ni kwamba kila moja ililipiwa jasho la mkono. Kuandika milioni kwa mtindo ule kungehitaji mifupa karibu 6,000, na hakuna ambaye angeichanganya milioni na elfu. Siku hizi mfupa huo uko Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia, na kwa maoni yangu watoto wa mashariki ya Kongo wangepaswa kuujua kabla ya kuujua mnara wa Eiffel.

Basi turudishe namba kwenye kitu kinachoshikika. Kwa Maniema kitu hicho ni mchele, zao lililoingia huku karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo, ambao ndio waliotuletea pia lugha hii ninayoiandika. Kilo moja ya mchele uliokobolewa ina punje kama 50,000. Hutofautiana kwa aina ya mbegu, lakini hapo ndipo inapocheza. Kwa hiyo milioni moja ya punje ni kilo 20, mzigo ambao kijana anaubeba begani bila kulalamika. Miliari moja ya punje ni tani 20, magunia 400 ya kilo 50: hapo unahitaji lori kubwa, na kwa barabara zetu pengine mawili. Na ile bilioni ya Kifaransa cha vitabuni, yaani milioni ya milioni, ni tani 20,000, magunia 400,000. Mzigo wa begani, mzigo wa lori, mzigo ambao hakuna ghala hapa Kindu litakaloumeza. Majina ya namba yamesimama bega kwa bega, mizigo haifanani hata kidogo.

Nimeitaja bilioni, na hapa pana kisa kirefu ambacho Mkongo anayesoma Kiswahili hana budi kukijua. Mwaka 1484 Mfaransa Nicolas Chuquet, aliyeishi Lyon, aliandika mfumo wa kuita namba kubwa. Neno milioni lilikuwapo tayari, kutoka Italia. Yeye alipanga hivi: milioni ya milioni iitwe bilioni, milioni ya bilioni iitwe trilioni, na kuendelea. Ni mfumo wenye mantiki, maana lile "bi" linadokeza milioni iliyotajwa mara mbili katika kuzidisha, na "tri" mara tatu. Kwa milioni elfu moja Wafaransa wakaja kutumia jina jingine, ndilo hili letu la miliari. Baadaye Wafaransa wenyewe wakateleza, wakaanza kuiita milioni elfu moja bilioni, na Wamarekani wakaichukua desturi hiyo kutoka kwao. Uingereza ikabaki na ule wa Chuquet. Kisha mambo yakapinduka: Ufaransa ilirudi rasmi kwenye mfumo wa kale mwaka 1961, na Uingereza ikaukimbia mwaka 1974, serikali yake ilipoamua kuhesabu kama Marekani.

Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Mwingereza imefuata Kiingereza cha leo: Nairobi, Dar es Salaam na Kampala bilioni ina sifuri tisa. Kongo, iliyorithi Kifaransa kutoka kwa Wabelgiji, inasema miliari kwa sifuri tisa, na bilioni kwa sifuri kumi na mbili. Ndiyo sababu bajeti yetu ya 2024 ilitajwa kwa "miliari elfu arobaini", maneno marefu yanayomchosha mtangazaji. Wanaoandika wanaepuka bilioni kwa sababu wanajua itawagawanya wasomaji. Nawasifu kwa hilo. Neno refu lisilo na utata ni bora kuliko fupi linaloweza kumpotosha mtu mara elfu. Na ninyi ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, mkituandikia sisi wa upande huu wa ziwa, ongezeni maneno mawili tu: "milioni elfu". Tutaelewana.

Kongo ina sababu nyingine ya kuwa makini na sifuri. Tumeziona zikimeza nchi. Juni 1967 Rais Mobutu alianzisha fedha ya zaire: moja kwa faranga 1,000 za wakati huo, na zaire moja ikanunua dola mbili za Marekani. Miaka 25 baadaye, mwishoni mwa 1992, ilitoka noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, wafanyabiashara nao wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi walilipwa mishahara kwa noti hiyo, wakaenda nayo madukani, wakarudishwa. Hasira yao iliiwasha Kinshasa, watu wengi wakafa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Oktoba mwaka uleule ikaja zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni tatu.

Tazama hiyo tatu. Kama wangeiweka milioni moja, kila mama sokoni angefuta sifuri sita na kuendelea na biashara yake. Kugawanya kwa milioni tatu ni jambo jingine: noti ya milioni tano inakuwa zaire mpya moja na theluthi mbili, ya milioni moja inakuwa theluthi. Nani atarudisha baki ya theluthi? Akili ya soko, niliyoisifu hapo juu, hufanya kazi kwa kumi kumi na kwa nusu nusu. Majimbo yote mawili ya Kasai yaliikataa fedha mpya kabisa, miji ya Mbuji-Mayi na Kananga ikaendelea na noti za zamani kwa miaka. Sababu kubwa za ukaidi ule zilikuwa za kisiasa, lakini naamini ile tatu nayo ilitoa mchango wake.

Baada ya miaka michache zaire mpya nayo ilikuwa na noti ya milioni moja. Tarehe 30 Juni 1998 ikazaliwa faranga tuliyo nayo, moja kwa zaire mpya 100,000. Sasa zidisha: laki moja mara milioni tatu. Faranga moja ya leo, ambayo hata mtoto hataiokota njiani, imechukua nafasi ya zaire za 1967 miliari 300. Kwa kiwango cha siku zile, hizo zilikuwa dola miliari 600. Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha ujiulize kama moyo wako umeona tofauti yoyote kati ya miliari 300 na milioni 300. Wangu haukuona nilipoiandika mara ya kwanza. Ilibidi nihesabu sifuri.

Namba kubwa hazitupotezi kwenye fedha pekee. Kuna moja ambayo sisi wa mashariki hatuwezi kuikwepa: milioni 5.4. Ni makadirio ya shirika la International Rescue Committee, yaliyotolewa Januari 2008, ya watu waliokufa Kongo kupita kiasi cha kawaida kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo, kwa sababu vita vilivunja zahanati na kuwakimbiza watu kutoka mashambani kwao. Namba hiyo ilipatikana hivi: watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika sampuli ya maeneo ya nchi, wakauliza nani amefariki, wakapata kiwango cha vifo, wakakilinganisha na kiwango ambacho kingetarajiwa bila vita, ile tofauti wakaizidisha kwa idadi ya watu. Katika uchunguzi wa mwisho walikuta vifo 2.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, wakalinganisha na kiwango cha karibu 1.5, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara.

Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report huko Kanada walisema ile 1.5 ni ndogo mno kwa nchi iliyokuwa imeshadhoofika kama yetu. Ukisikia mabishano ya 1.5 au 2.0 unaweza kudhani ni ya watu wasio na kazi. Fanya hesabu: nusu mtu kwa kila 1,000 kwa mwezi, kwa watu milioni 60, ni vifo 30,000 kila mwezi, kwa miezi 105 ni zaidi ya milioni tatu. Desimali moja inaweza kuwaongeza au kuwaondoa watu milioni tatu. Nalisema hili kwa heshima ya waliokufa. Namba yao haipaswi kurushwa mdomoni kama msemo. Inastahili kuelezwa ilivyopatikana.

Na hata ikielezwa, moyo unagoma. Paul Slovic wa Marekani ametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini. Katika jaribio lililochapishwa 2007, yeye na wenzake Deborah Small na George Loewenstein waliwaomba watu msaada kwa njaa ya Afrika. Waliosimuliwa habari za msichana mmoja wa Mali walitoa zaidi kuliko waliopewa takwimu za mamilioni. Waliopewa vyote viwili, msichana pamoja na takwimu, walitoa pungufu kuliko waliopewa msichana peke yake. Takwimu ilipoza huruma. Familia za Maniema hazihitaji jaribio hilo. Kila nyumba inamjua mmoja wake, kwa jina, kwa siku, na kwa njia ya msituni aliyozikwa kando yake. Ni wale walio mbali, wanaopanga misaada na siasa kutokana na namba, wanaohitaji kuonyeshwa mmoja.

Kwa fedha za umma dawa ni nyepesi zaidi, nayo ni kugawanya. Idadi yetu kamili haijulikani, kwani sensa ya mwisho ilifanyika 1984 na ilihesabu watu kama milioni 30.7, siku hizi makadirio yanapita milioni 100. Tuchukue milioni 100 ili hesabu iwe rahisi. Faranga miliari 40,463 kwa watu milioni 100 ni kama 404,600 kwa mtu kwa mwaka, au 1,100 kwa siku. Ndani yake mna jeshi, mishahara ya walimu, barabara, hospitali, madeni na safari za wakubwa. Elfu moja na mia moja mama wa sokoni anaijua vizuri sana, anajua inanunua nini na hainunui nini. Hapo anaweza kuuliza maswali ambayo miliari elfu arobaini zilimnyamazisha. Ndivyo ilivyo pia mtu akikuambia mradi fulani wa jimbo umepewa "milioni nyingi": uliza ni kwa watu wangapi, na kwa miaka mingapi. Kiasi kinachojaza masikio huweza kuwa bei ya chumvi kwa kila nyumba, na kiasi kinachosikika kidogo huweza kutosha kujenga. Mtangazaji anayesoma miliari hewani bila kuigawanya amefanya nusu ya kazi yake.

Watafiti hao wanatuachia habari njema pia. Mwaka 2007 Opfer na Siegler waliwarudia watoto wanaoiweka 150 mahali pasipo pake. Waliwasahihisha kwenye namba hiyo moja. Kwa wengi wao mstari mzima ulinyooka kwa mkupuo, hata kwa namba ambazo hawakuonyeshwa. Akili haikuhitaji miaka. Ilihitaji kuonyeshwa mara moja, wazi, mahali ilipokuwa imepinda zaidi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kindu, wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli: wiki hii chukueni chaki, choreni mstari wa mita moja ubaoni, elfu upande mmoja na miliari upande mwingine. Mwiteni mtoto aweke milioni. Mwacheni akosee mbele ya wenzake bila kuchekwa, kisha mpimieni milimita moja kwa rula. Dakika kumi zinatosha.